Ertapenem Yagonga Mwamba, Meropenem Yapita: Tatizo Liko Mlangoni

Chukua sahani ya agari, chakula kigumu cha kuoteshea bakteria, ya aina inayoonekana mara kwa mara kwenye maabara za hospitali za Kisumu na Nakuru. Bakteria ni Klebsiella pneumoniae, ametoka kwenye mkojo wa mgonjwa aliyelazwa siku nyingi. Diski ya karatasi yenye maikrogramu 10 za ertapenem, dawa ya kuua bakteria, imezungukwa na duara la milimita 16 ambamo bakteria hajaota. Kwa jamii hii ya bakteria, milimita 18 kushuka chini husomwa kuwa sugu. Pembeni yake diski ya meropenem, nayo ya maikrogramu 10, ina duara la milimita 25, na kuanzia 23 dawa huhesabiwa kuwa inafanya kazi. Dawa mbili za ukoo mmoja, ukoo wa karbapenem, zimelala kwenye sahani moja, na bakteria ameikataa moja akaikubali nyingine.

Mtu wa maabara hushuku karbapenemasi, kimeng'enya kinachokata dawa za ukoo huu. Anapima kwa njia ya mCIM: waya wa kupandia wa maikrolita 1 uliojaa bakteria huchanganywa na mililita 2 za mchuzi wa soya (chakula cha majimaji cha kuoteshea bakteria), diski ya meropenem hutumbukizwa humo kwa saa 4 katika nyuzi 35, kisha hutolewa na kuwekwa juu ya sahani iliyopakwa E. coli, bakteria wa utumboni, anayeuawa na meropenem. Kesho yake duara linasoma milimita 20. Ukomo wa kusema "hakuna karbapenemasi" ni 19 na zaidi. Diski ilikaa saa 4 na bakteria, na dawa yake haikuliwa.

Hapo ndipo wengi hukwama, maana tumezoea kuhesabu usugu kwa vimeng'enya peke yake. Jibu la sahani hii liko mlangoni, kwenye protini zenye tundu zilizopachikwa katika utando wa nje wa bakteria. Umbo la tundu hilo, hasa pale panapobana zaidi, ndilo linaloamua dawa ipi iingie mbio, ipi ijikokote na ipi ilale nje.

Ukuta kwanza

Mwaka 1884 Mdenmaki Hans Christian Gram, akiwa Berlin, alichapisha njia ya kupaka bakteria rangi ambayo bado inatumika kila asubuhi kwenye maabara zetu: zambarau, iodini, pombe, kisha rangi nyekundu iliyoongezwa na wengine baadaye. Bakteria wanaobaki na zambarau tunawaita Gramu chanya. Wanaooshwa na pombe wakachukua rangi ya waridi ni Gramu hasi. (Hatua ya pombe ndiyo inayoharibu kazi. Ikizidi sekunde chache hata Gramu chanya huoshwa, na hapo mgonjwa huandikiwa dawa ya adui asiyekuwepo.)

Tofauti ya rangi inatokana na tofauti ya ukuta. Gramu chanya ana ukuta mnene wa peptidoglikani, wavu wa sukari na asidi amino, na utando mmoja chini yake. Gramu hasi ana peptidoglikani nyembamba iliyobanwa kati ya tando mbili, na uwazi ulio kati ya tando hizo huitwa periplazimu. Utando wa ndani ni wa kawaida, mafuta pande zote mbili. Utando wa nje ndio wa ajabu: upande wake unaotazama ndani ni fosfolipidi kama ilivyo kwa seli nyingine, lakini upande unaotazama nje umejaa lipopolisakaridi, mafuta yaliyobeba minyororo ya sukari, yakiwa yameshikamanishwa na magnesiamu na kalisi. Minyororo hiyo ya sukari huwazuia wapenda mafuta, na mafuta yaliyo chini yake huwazuia wapenda maji. Vankomisini, dawa yenye uzito wa daltoni 1,449 (daltoni moja ni karibu uzito wa atomu ya haidrojeni), haina njia kabisa, ndiyo maana hakuna anayeiandika kwa ajili ya Klebsiella.

Lakini bakteria lazima ale. Sukari, asidi amino, fosfeti na chumvi lazima ziingie, na zote hupenda maji. Basi utando umetobolewa. Mwaka 1976 Taiji Nakae alitenga protini inayotoboa, kwanza kutoka kwa Salmonella na kisha E. coli, akaipa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya njia au tundu. Kwa Kiswahili jina hilo hutoka "porini", na msomaji asidhani tumeingia msituni. Porini moja, porini nyingi. E. coli mmoja, mwenye urefu wa maikromita 2 hivi, anaweza kuwa nazo 100,000 hivi juu ya mwili wake.

Mkeka wa mafunjo uliokunjwa

Ukipita Dunga, au ufuo mwingine wowote wa ghuba ya Winam, utawakuta wanaosuka mikeka ya mafunjo. Mabua hukaushwa, hulazwa ubavu kwa ubavu, kisha kila bua hufungwa kwa jirani yake kwa kamba, fundo baada ya fundo. Sasa uchukue mkeka huo, uukunje mpaka ukingo wa kwanza ukutane na wa mwisho, ufunge hapo pia. Umepata pipa lisilo na mfuniko wala sakafu.

Porini imejengwa hivyo hivyo. Tuichukue OmpF ya E. coli, ambayo umbo lake lilichapishwa mwaka 1992 baada ya fuwele zake kupigwa eksirei. (Fuwele zenyewe zilipatikana mwaka 1980, kwa hiyo kutoka fuwele hadi picha ilikuwa kazi ya miaka 12.) Ina fito 16, lakini hazikukatwa moja moja kama mabua. Ni mnyororo mmoja wa asidi amino 340 unaopanda na kushuka, kupanda na kushuka, mara 8. Kamba zinazofunga ufito kwa ufito ni vifungo vya haidrojeni. Kifungo kimoja ni dhaifu, ila hapa viko vingi na hakuna ukingo ulioachwa wazi. Ndiyo maana OmpF huvumilia SDS, sabuni inayofumua karibu kila protini, na joto la nyuzi 70 hivi, bado ikiwa imesimama. Fito nazo hazisimami wima, zimelala mshazari kuzunguka pipa, na kulala huko ndiko kunakoamua upana wa pipa pamoja na idadi ya fito.

Sasa angalia ufito mmoja kwa karibu. Asidi amino ya kwanza inatazama nje ya pipa, inayofuata inatazama ndani, ya tatu nje, ya nne ndani, mpaka mwisho. Zinazotazama nje huchukia maji, kwa sababu zimegusana na mafuta ya utando. Zinazotazama ndani hupenda maji, kwa sababu tunduni mmejaa maji. Mpango huu rahisi una sababu nzito. Protini za utando wa ndani hutumia misokoto ya heliksi, kama springi, kila mmoja ukiwa na asidi amino kama 20 mfululizo zinazochukia maji. Porini ingekuwa na mfululizo wa namna hiyo ingenaswa kwenye utando wa ndani wakati inavushwa, isifike kwake. Kwa kupishanisha, inavuka bila kushikwa. Wanaotafuta porini kwenye jenomu mpya wakumbuke hilo: programu inayosaka mifululizo ya asidi amino zinazochukia maji itazipita porini kana kwamba hazipo.

Pale mafuta yanapokutana na maji, juu na chini ya utando, pipa limevishwa mikanda miwili ya tirosini, fenilalanini na triptofani. Umbali kati ya mikanda ni kama nanomita 2.5, unene wa mafuta yenyewe. Chini, upande wa periplazimu, fito zinaunganishwa na kona fupi. Juu, upande wa nje, zinaunganishwa na vitanzi virefu, L1 hadi L8. Vitanzi hivi ndivyo kingamwili na virusi vya bakteria hukutana navyo kwanza, kwa hiyo hubadilika haraka kutoka aina moja ya bakteria hadi nyingine, huku pipa lenyewe likibaki vile vile.

Mapipa husimama matatu matatu, kama mafiga. Kitanzi cha pili cha kila pipa huinama na kumshika jirani, jambo linaloyafanya mafiga yasitengane. Hapa kuna kosa ambalo hata wanafunzi wa chuo hulirudia: wanadhani tundu liko katikati ya mafiga, pale moto unapowaka. Hapana. Katikati pamezibwa. Kila figa lina tundu lake, na matundu matatu hufanya kazi kila moja peke yake.

Kishingo

Upana wa pipa hauamui mengi. Mdomo wake wa juu ni mpana, wa chini ni mpana, ila katikati kuna kishingo. Kitanzi cha tatu, L3, badala ya kusimama nje pamoja na wenzake, kimejikunja kikaingia ndani ya pipa na kujibanza ukutani nusu ya njia. Kinachobaki ni uwazi wa nanomita 0.7 kwa 1.1 hivi. Molekuli zenye uzito wa hadi daltoni 600 hivi ndizo zinazopita kwa mwendo wa maana.

Ukomo wa 600 hauko kama mstari wa chokaa uwanjani. Mawili zaidi ya uzito yanahesabiwa, na la kwanza ni chaji. Kwenye kishingo cha OmpF, ukuta wa upande mmoja umebeba ajinini tatu zenye chaji chanya, namba 42, 82 na 132. Upande wa pili, juu ya L3, zimekaa aspateti ya 113 na glutameti ya 117, zenye chaji hasi. Zinatazamana kwa umbali usiofika nanomita moja, kwa hiyo kishingo kina uga mkali wa umeme unaokatiza njia. Molekuli inayofika hapo lazima igeuke: upande wake chanya uelekee hasi, upande wake hasi uelekee chanya. Yenye pande zote mbili hujipanga na kupita. Yenye chaji hasi tupu husita.

Mfano mzuri uko kwenye kabati la dawa la kila zahanati. Penisilini ya zamani, ile ya sindano, ina daltoni 334. Ampisilini ina 349. Ukiangalia uzito tu ungesema penisilini itapita kwa urahisi zaidi, lakini ni ampisilini iliyoingia sokoni mwaka 1961 kama penisilini ya kuua Gramu hasi kama E. coli na Salmonella. Kilichoongezwa ni kikundi kimoja cha amini, chenye chaji chanya. Penisilini ilikuwa na hasi peke yake, ampisilini ikawa na zote mbili, na mlango ukafunguka. Seftriaksoni ya daltoni 554 ina chaji hasi mbili na huingia kwa kujikokota. Sefepimu, ya 480, ina chanya na hasi, nayo huingia upesi zaidi.

La pili ni umbo. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Illinois, Marekani, baada ya kupima molekuli zaidi ya 180 ndani ya E. coli, lilionyesha kwamba zinazojikusanya ndani ni zile zenye amini isiyofunikwa, zilizo bapa badala ya kuwa mviringo, na zisizo na viungo vingi vinavyocheza. Walichukua dawa iliyokuwa ikiua Gramu chanya pekee, wakaipachika amini, ikaanza kuua Gramu hasi. Fikiria kupitisha mwiko kwenye ufa wa mlango, kisha ujaribu kupitisha kibuyu cha uzito ule ule.

Mtu atauliza: azithromaisini je, yenye daltoni 749, mbona inatumika kwa taifodi na kuhara damu? Haipiti kwenye porini. Ina chaji mbili chanya, kwa hiyo huisukuma magnesiamu inayoshikamanisha lipopolisakaridi na kujipenyeza kwenye utando wenyewe. Erithromaisini, ndugu yake mwenye chaji moja, haina nguvu hiyo.

Jinsi pipa linavyofika mahali pake

Sehemu hii huachwa mara nyingi, ingawa inaeleza makosa mengi ya maabara. Porini hutengenezwa ndani ya seli ikiwa na kipande cha ziada mwanzoni. Kwa OmpF ni asidi amino 22. Kipande hicho ni barua ya safari. Mashine iitwayo Sec huivusha protini ikiwa bado uzi uliolegea, barua hukatwa, na uzi huingia periplazimu. Hapo hupokewa na walezi, SurA na Skp, wanaoushika usijisokote ovyo. Ukishasokoteka vibaya, kimeng'enya DegP huukata. Hakuna nishati ya ATP ndani ya periplazimu, kwa hiyo walezi hawa hufanya kazi kwa kushika na kuachilia tu. Mwisho uzi hufikishwa kwa BamA, ambayo yenyewe ni pipa la fito 16 lenye mshono dhaifu kati ya ufito wa kwanza na wa mwisho. Mshono huachia, uzi mpya huingia hapo na kujikunja kuwa pipa, kisha hutengwa na kuachwa kwenye utando.

Asidi amino ya mwisho kabisa ya porini nyingi ni fenilalanini, na BamA huitambua kama alama. Ndiyo sababu anayetaka kusafisha porini kwa kuiongezea mkia wa histidini mwishoni mara nyingi huambulia madonge yasiyoyeyuka. Mkia uwekwe mwanzoni, baada ya kipande cha barua, au ndani ya kitanzi cha nje.

Kila mdudu na mlango wake

E. coli ana porini kubwa mbili, OmpF na OmpC, na hubadilishana nazo kulingana na mahali alipo. Akiwa nje, kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, huweka OmpF yenye tundu kubwa kidogo. Akiingia utumbo, kwenye joto la nyuzi 37 na chumvi nyingi, huweka OmpC. Protini ya utando EnvZ hupima hali, huipa OmpR fosfeti, na OmpR huwasha jeni moja na kuzima nyingine. Kuna pia MicF, kipande kidogo cha RNA kinachojibandika kwenye ujumbe wa OmpF na kuuzima. Kwa hiyo ndani ya mgonjwa, OmpC ndiyo inayokutana na dawa. Kumepatikana E. coli waliochukuliwa kwa mgonjwa mmoja kwa nyakati tofauti, wakawa sugu zaidi kadiri muda ulivyokwenda. Upana wa tundu la OmpC yao haukubadilika sana. Kilichobadilika ni mpangilio wa chaji kwenye kishingo.

Kwa anayeishi kando ya ziwa, Vibrio cholerae ndiye wa kuangaliwa. Naye ana mbili, OmpT na OmpU. Utumboni hukutana na nyongo, na chumvi za nyongo ni molekuli zenye chaji hasi zinazoyeyusha tando. ToxR, swichi ile ile inayohusika na kuwasha sumu ya kipindupindu, humfanya aiongeze OmpU na kuizima OmpT, kwa kuwa OmpU haipendi kupitisha chaji hasi. Bakteria aliyeng'olewa OmpU huumizwa na nyongo upesi zaidi. Mlango na silaha viko chini ya swichi moja, mpango ambao kwa kweli unastahili heshima hata ukiwa ni wa adui.

Salmonella Typhimurium, ambaye aina yake ya ST313 huingia damuni mwa watoto wadogo katika maeneo yenye malaria nyingi kama Siaya, ana OmpD kwa wingi, ilhali Salmonella wa taifodi hana OmpD kabisa. Kwa panya, kingamwili dhidi ya OmpD zimeonekana kukinga, jambo linaloifanya iwe kwenye orodha ya watafutaji wa chanjo. Lakini vitanzi vya juu na minyororo ya lipopolisakaridi huificha, na tofauti ndogo kwenye kitanzi huweza kuifanya kingamwili ya aina moja isimshike ndugu yake.

Bakteria wa kisonono ana PorB. Mabadiliko ya asidi amino ya 120 na 121, yaliyo kwenye kitanzi cha tatu, hupunguza uingiaji wa penisilini, tetrasaiklini na sefalosporini. Pseudomonas hana porini za jumla za mafiga matatu kama za E. coli, na hiyo ni sababu mojawapo ya yeye kuzaliwa sugu kwa dawa nyingi. Ana OprD, pipa la fito 18 linalosimama peke yake, ambalo kazi yake ni kupitisha asidi amino kama ajinini na laisini. Imipenem huingia kwa kujifanya mojawapo wao. Pseudomonas anapoiua OprD yake, imipenem hukosa mlango.

Pale kazi inapoharibika mezani

Maabara ya utafiti ikitaka kuziona porini, huvunja seli kwa mawimbi ya sauti na kuyeyusha utando wa ndani kwa sabuni laini ya sakosili, ambayo huuacha utando wa nje. Kisha huzungusha kwa kasi ya mara 100,000 ya uvutano kwa saa moja. Tope linalobaki chini ndilo utando wa nje. Huwekwa kwenye jeli na kusukumwa kwa umeme.

Kosa la kwanza ni joto. Ukiweka sampuli bila kuichemsha, mafiga matatu hubaki pamoja na kukaa juu kwenye jeli. Ukiichemsha nyuzi 95 kwa dakika 5, yanaachana, na mstari hushuka hadi karibu daltoni 37,000. Anayesahau kuchemsha hutazama eneo la 37,000, akakuta pakavu, akaandika "porini imepotea". Weka sampuli zote mbili, iliyochemshwa na isiyochemshwa, ubavu kwa ubavu. Mstari unaohama ndio ushahidi wako.

Kosa la pili: OmpF na OmpC zina uzito unaokaribiana mno, kwa jeli ya kawaida hutoka mstari mmoja mnene. Ongeza urea ndani ya jeli, ndipo zitengane. Bila hivyo unaweza kupoteza porini moja usijue.

La tatu ni chakula, na hili ndilo linalodanganya zaidi. Kwa kuwa chumvi ya mazingira huwasha porini moja na kuzima nyingine, bakteria yule yule atatoa picha mbili tofauti kwenye mchuzi mwepesi usio na chumvi na kwenye mchuzi uliotiwa asilimia 20 ya sobitoli, aina ya sukari inayovuta maji kama chumvi. Porini isiyoonekana kwenye chakula kimoja ioteshwe kwenye kingine kabla ya kuhukumiwa.

Nalo la nne ni kutegemea PCR, kipimo kinachonakili kipande cha DNA ili kuonyesha kama kipo. Kipande cha jeni kinaweza kuwepo, na PCR ikasema "ipo", huku kipande cha DNA kinachorukaruka kimejipachika mbele ya jeni na kuinyamazisha, au herufi moja imegeuka ikawa alama ya kuacha katikati. Jeni isomwe yote, pamoja na herufi zilizo kabla yake.

Kwenye sahani ya kila siku, mambo ni mepesi zaidi lakini hayasamehe. Agari ya Mueller-Hinton iwe na kina cha milimita 4. Ikiwa nyembamba, duara hupanuka na usugu mdogo kama huu hufichika. Mchanganyiko wa bakteria ulingane na McFarland 0.5, kipimo cha ukungu wa mchanganyiko, takriban seli milioni 150 kwa mililita, na diski ziwekwe ndani ya dakika 15. Ukiona makoloni machache yamesimama ndani ya duara la ertapenem, usiyafute kama uchafu. Yachukue, yaoteshe peke yake, yapimwe upya. Mara nyingi ni wale waliopoteza porini katikati ya umati.

Turudi kwenye sahani

Klebsiella ana OmpK35, ndugu wa OmpF, na OmpK36, ndugu wa OmpC. Yule wa mwanzo wa makala hii ana kimeng'enya cha kawaida, kama CTX-M, kinachokata sefalosporini upesi na karbapenem polepole mno. Kwa mlango uliofunguka, upolepole huo hauna madhara kwa dawa: ikiingia molekuli 100 kwa muda fulani na kimeng'enya kikakata 5, zinabaki 95 za kuua. Mlango ukibanwa zikaingia 6, zinabaki moja. (Namba hizi ni za kuelezea tu.) Kimeng'enya hakikuongezeka nguvu hata kidogo, ila mtungi unaovuja kidogo haujai ukiujaza kwa kijiko. Pia ndiyo maana mCIM haikuona kitu: ndani ya neli ile diski ilikuwa imejaa dawa, na kimeng'enya dhaifu hakiwezi kuimaliza kwa saa 4.

Na kwa nini ertapenem ianguke kwanza? Ina daltoni 475 dhidi ya 383 za meropenem. Tena imebeba kikundi cha asidi ya benzoiki kinachoiachia chaji hasi ya ziada, wakati meropenem ina chanya na hasi zinazolingana. Ni nzito na haipendwi na kishingo. Mlango ukianza kubana, hiyo ndiyo ya kwanza kugonga. Meropenem hufuata baadaye, ikiwa kimeng'enya kitaongezeka au porini ya pili itapotea.

Kupoteza porini zote kuna gharama. Bakteria anayefunga mlango wa dawa amefunga pia mlango wa sukari, kwa hiyo huota polepole, na akioteshwa mara kadhaa bila dawa anaweza kurudisha mlango wake. Sahani ya wiki ijayo itakuonyesha ertapenem inafanya kazi, ugombane bure na aliyesoma ya kwanza. Bakteria wa namna hii agandishwe kwenye gliseroli siku ile ile ya kwanza, kabla hajaoteshwa tena.

Klebsiella waliofanikiwa zaidi hospitalini wamepata njia isiyo na gharama hiyo. Hawakuiua OmpK36. Waliongeza asidi amino mbili, glisini na aspateti, kwenye kitanzi cha tatu, baada ya nafasi ya 133. Kishingo kikapungua upana kwa karibu robo: sukari bado inapita, karbapenem zinakwama. Ukipima kwa jeli utaona porini ipo, nene na nzima, mahali pake pale pale.